Muhuri wangu uko kwenye mkataba wa mtu aliyekuwa keshafariki, nifanyeje?

Dada shikamoo,

Naandika hii saa nane usiku, usingizi umekata toka juzi. Naomba usitaje jina langu wala mtaa nilipo, we sema tu niko Morogoro.

Mi ni wakili, bado mchanga kwenye kazi, nimeapishwa mwisho wa 2023. Nilikuwa Law School kundi lile la matokeo ya 2022 yaliyopigiwa kelele nchi nzima, watu 26 tu ndo walifaulu moja kwa moja kati ya 633, na mi nilikuwa kwenye wale 342 wa kurudia baadhi ya masomo. Baba aliuza ng'ombe watatu kule Gairo kunilipia ada na nauli na chumba, kwa iyo siku naapishwa alilia kabisa, mzee wa watu hajawahi kulia mbele yetu hata siku mama anazikwa.

Nikafungua ofisi na mwenzangu mmoja, chumba kimoja juu ghorofani, kodi laki na nusu kwa mwezi. Miezi minne ya kwanza nilipata wateja wawili na mmoja alikuwa binamu yangu. Sasa chini yetu, karibu na mahakama, kuna kaka mmoja ana steshenari, anatoa foto kopi, anapiga picha za paspoti, anachapa barua, na kusema ukweli anaandika viapo na mikataba na hati za madai kutwa nzima, watu wamepanga foleni. Akanifata siku moja akaniambia wakili, wateja wako wote wanaishia kwangu hapa chini, kaa na mimi vizuri utakula. Makubaliano yakawa kila karatasi nikigonga muhuri na kusaini napata elfu tatu, yeye anamchaji mteja anavyojua.

Mwanzoni alikuwa anawaleta wenyewe wanapanda ngazi, nawaona, wanaapa, nasaini. Baadae akawa anatuma kijana na karatasi tu, anasema mwenyewe yuko chini ana haraka. Afu mwezi wa kumi na moja mwaka jana nikaenda msibani Dodoma siku nne, akanipigia kazi zimejaa, wakili niachie stempu. Ndo nikachongesha stempu ya pili nikamwachia, na nikawa namsainia karatasi tupu, ishirini thelathini kwa mpigo, nasaini chini kabisa pale juu anajaza yeye. Jioni inaingia M-Pesa. Siku nzuri elfu thelathini. Dada nisikudanganye, hiyo ndo imelipa kodi na imemnunulia baba dawa za presha.

Jumanne iliyopita akaja mama mmoja wa makamo, kajifunga khanga, ana mfuko wa plastiki. Akatoa mkataba akaulaza mezani akaunyoosha kwa kiganja taratibu kama mtu anayekunja nguo ya mtoto, akaweka kidole kwenye jina langu. Akauliza, mwanangu, wewe ndo huyu? Nikasema ndiyo. Akasema, mume wangu alikuja hapa tarehe 14 mwezi wa tatu akasaini mbele yako? Nikawa nasoma. Kuuziana kiwanja na nyumba, milioni kumi na nane, muuzaji ni mume wake, mnunuzi ni mtoto wa kaka yake huyo mume. Mama akasema mume wangu alifariki tarehe 27 mwezi wa pili, na wiki tatu kabla alikuwa wodini kapooza upande wa kulia, kijiko nilikuwa namshikia mimi.

Muhuri ni wangu. Saini ni yangu. Hata kukana siwezi kwa sababu ile stempu ya pili herufi moja ya jina langu ilikatika mguu, na pale kwenye mkataba imetoka hivohivo imekatika. Nikamwambia mama niachie nifatilie. Hakuniachia, akakunja mkataba wake akaurudisha kwenye mfuko, akasema asante mwanangu, akashuka ngazi. Ile asante yake ndo hainiachi nilale.

Ijumaa nikapata wito wa polisi, niripoti Jumatatu.

Kaka wa steshenari anasema yupo mtu atatupatia loss report ya mwezi wa kwanza kwamba stempu ilipotea, yaani niseme iliibiwa. Mwenzangu wa ofisi anasema hapana, nunua kitabu, kifanye rejista, ujaze kwamba mzee alikuja, ya kwao wao ndugu watajuana. Mjomba wangu anasema tafuta milioni moja na nusu umpelekee mama yaishe. Na kuna lingine sijamwambia mtu, mwaka huu sikuwa na hela ya ada mapema, leseni nimehuisha mwezi wa nne. Kwa iyo hiyo tarehe 14 mwezi wa tatu hata leseni nilikuwa sina, na nilikuwa nagonga kama kawaida.

Dada, je nitafutwa uwakili? Naanzia wapi? Baba nitamwambia nini?

Wakili mdogo, Morogoro

---

Marahaba mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nitakujibu kama ningemjibu mdogo wangu wa tumbo moja, kwa iyo kuna sehemu itauma, vumilia, na ile ya haraka naianza kwanza kwa sababu Jumatatu iko karibu.

Ile loss report usiiguse. Ile rejista ya kutunga usiinunue hata hicho kitabu. Hela kwa mama usipeleke. Hapo ulipo una kosa la uzembe mkubwa wa kazi, umeachia muhuri, umesaini karatasi tupu, umeshuhudia usichokiona, hilo ni zito na sitalipunguza. Ila ukitengeneza loss report ya uongo au ukijaza rejista ya mtu ambaye cheti chake cha kifo kipo, unakuwa umeghushi wewe mwenyewe kwa mkono wako, ukijua, na hiyo ni jinai ya kwenye Kanuni ya Adhabu, tena haina utetezi wa nilikuwa sijui. Leo unaweza kusimama ukasema nilikosa. Baada ya hiyo karatasi ya uongo huna cha kusimamia. Na fikiria tu, mzee kafariki tarehe 27 mwezi wa pili, rejista yako inasema kaja ofisini ghorofani tarehe 14 mwezi wa tatu, nani atakuamini? Na hela ya mjomba, ukimpelekea mama milioni moja na nusu wakati polisi wameshakuita, itaonekana unanunua shahidi, hata kama moyoni ulikuwa unaomba radhi.

Na meseji usifute. Najua umeshafikiria kufuta. Zile za M-Pesa za elfu tatu tatu, zile za WhatsApp anakwambia wakili leo kuna kumi na mbili, ziache zote, zinakuumiza ila ndo hizohizo zinaonyesha kwamba ule mkataba haukuandikwa na wewe na hukupokea sehemu ya ile milioni kumi na nane.

Sasa kabla ya Jumatatu tafuta wakili wako. Ndiyo, wewe wakili utafute wakili, usiende mwenyewe kwa kujiamini kwamba sheria unaijua, mtu aliye ndani ya jambo haoni vizuri hata kama ni jaji. Sio huyo mwenzako wa ofisi, maana na yeye anaweza kuwa shahidi na ushauri wake tumeshauona. Mtafute mtu mzima kwenye kazi, nenda kwa viongozi wa chapta yenu ya TLS, chama chetu cha mawakili, waambie nina shida na wito wa polisi, naomba mwandamizi mmoja wa kuongozana naye. Chama kipo toka 1954, hii ni moja ya kazi zake, na wakili mwenzako ukimweleza kama mteja wake anabanwa na usiri kama unavyobanwa wewe kwa wateja wako. Mwambie yote, na la leseni usilifiche. Nini kiandikwe kwenye maelezo ya polisi na kwa mpangilio gani mtapanga na yeye akishaona karatasi zote, mi siwezi kukuandikia hapa, ila msingi ni mmoja, kila utakachosema kiwe kweli.

Afu leo hii, usisubiri kesho, nenda kachukue hiyo stempu. Nenda na mtu mwingine, muandike karatasi fupi ya makabidhiano, tarehe, saa, stempu imerudishwa, saini zenu tatu. Mwombe na zile karatasi ulizosaini tupu zilizobaki, zihesabu mbele yake, usizichane, mpe wakili wako azitunze. Akikataa kusaini makabidhiano, yule uliyeenda naye aandike alichokiona. Ukirudi kaa chini uandike kumbukumbu zako kwa akili iliyotulia, toka mwezi wa kumi na moja mpaka leo, ulichogonga unachokikumbuka, kwa sababu mdogo wangu huo mkataba wa mama sio peke yake, we unajua na mimi najua. Zipo afidaviti zako kwenye mafaili ya mahakama, zipo hati za kiapo za kubadili jina, zipo mikataba ya viwanja ambayo watu wamejenga juu yake. Pamoja na mwandamizi wako muandae barua kwa Msajili wa Mahakama Kuu, maana yeye ndo anatunza orodha ya mawakili, nakala TLS, kusema muhuri wako ulikuwa nje ya mkono wako toka lini mpaka lini. Barua hiyo inatisha, najua. Lakini ikitoka kwako kabla hujaulizwa inasomwa tofauti kabisa na ikitoka baada ya mtu wa pili na wa tatu kuja na mfuko wa plastiki.

Hapa nataka nikae kidogo maana naona kuna kitu hukuwahi kukielewa, na sio wewe peke yako, nimeona vijana wengi wanaona kugonga muhuri ni kama kugonga risiti.

Chukua kiapo chochote usome pale chini, kwenye jurati, yaani ile sehemu anayojaza na kusaini anayeapisha. Panasema kimeapwa hapa Morogoro, tarehe fulani, na fulani, ambaye ninamfahamu mimi binafsi, au ametambulishwa kwangu na fulani ambaye ninamfahamu mimi binafsi. Halafu mbele yangu. Hayo maneno sio pambo, yanatoka kwenye Sheria ya Mthibitishaji wa Umma na Kamishna wa Viapo, Sura ya 12, inayokutaka useme kwa ukweli kiapo kimechukuliwa wapi na lini, na toka 2016 na jina lako liwepo. Yaani pale anayeapa sio yule mteja tu, na wewe unatoa ushuhuda wako, kwamba nilikuwa hapa, siku hii, mtu huyu alisimama mbele yangu, na nimejua ni yeye. Mahakama ya Rufani imekuwa ikitupa maombi ya watu kwa sababu jurati haina mahali au tarehe, ile ya D.B. Shapriya dhidi ya Bish International ya 2002 kila mtu anaitaja. Sasa kama kukosa jina la mji tu kunaangusha kiapo, kiapo ambacho hukumwona mtu kabisa kinasimamia nini? Kwenye mkataba wa mauziano ni hivohivo. Karani wa ardhi, benki, mnunuzi wa mbele, hakimu, wote hawakuwepo, wanakutazama wewe. Mama yule alipoweka kidole kwenye jina lako alikuwa anakuuliza swali la haki kabisa, wewe si ndo umesema ulimwona?

Mi nilifanyia kazi kwa mzee mmoja Tanga, marehemu sasa. Muhuri wake alikuwa anaufungia kwenye droo na ufunguo anautembeza kwenye mkanda wa suruali. Siku moja rafiki yake wa miaka mingi alituma mtoto na hati, mwenyewe yuko hospitali anaumwa, mzee akakataa. Mtoto akanuna akaondoka. Saa kumi jioni mzee akachukua muhuri, akachukua kidau cha wino na lile daftari lake, tukaenda wote wodini. Akamsomea rafiki yake hati nzima, akamuuliza umeelewa, unataka hivi, nani amekuletea hii karatasi. Ndugu waliokuwepo akawatoa nje kwanza. Afu akamshika kidole gumba kwa upole akakipaka wino, akakiweka kwenye karatasi, akakifuta kwa kitambaa chake mwenyewe. Akaandika kwenye daftari, hospitali, wodi namba fulani, saa kumi na dakika arobaini. Sikuelewa kwa nini tunapoteza jioni nzima kwa karatasi moja. Miaka mitano baadae ndugu walifikishana mahakamani kuhusu hiyo hati na lile daftari ndo lilimaliza maneno.

Mzee wa yule mama na yeye alikuwa wodini. Ungemfuata huko hata mara moja ungejua.

Haya, umeuliza utafutwa? Sitakudanganya. Chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, kuna Kamati ya Mawakili, mwenyekiti ni jaji, na ina uwezo wa kukuonya, kukusimamisha kwa muda, au kuagiza jina lako liondolewe kwenye orodha. Ukionewa kuna rufaa Mahakama Kuu. Watakutazama kwa hiyo sheria pamoja na Kanuni za Maadili ya Mawakili za 2018, Tangazo la Serikali namba 118, na humo utajikuta sehemu zaidi ya moja, kumpa asiye wakili nafasi ya kufanya kazi ya wakili kwa jina lako, kugawana naye malipo, kutafutiwa wateja na mtu wa kati, na kushuhudia usichokiona. Mwambie wakili wako aisome hiyo yote na wewe uisome, tena leo, kwenye nakala ya karibuni, maana toka Toleo la 2023 la sheria lianze kutumika ukishika nakala ya zamani uliyokopi Law School unaweza ukanukuu kifungu kikawa sicho. Adhabu gani utapata mi siwezi kuitabiri na akikutabiria mtu muogope. Ninachokijua ni kwamba mbele ya kamati yoyote kuna tofauti kati ya kijana aliyerudisha muhuri, akaandika barua, akasaidia ukweli utoke, na yule aliyekuja na loss report ya kupika.

La leseni nalo. Cheti cha uwakili kinaisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, hilo ulilijua. Ipo kesi ya Edson Osward Mbogo, rufaa namba 140 ya 2006, humo Mahakama ya Rufani ilisema wakili anayefanya kazi bila cheti hai anavunja sheria na alichokifanya kwa nafasi hiyo hakina nguvu ya kisheria. Maana yake kila karatasi ya mteja uliyoandaa au kugonga kati ya Januari na siku uliyohuisha ina ufa, na mwenye kuumia ni yule mteja aliyelipa hela yake akidhani ana wakili. Kwa iyo kwenye ile kumbukumbu nilokwambia uandike, hiyo miezi itenganishe peke yake, na kama kuna shauri la mteja ambalo bado linaweza kurekebishwa, aambiwe mapema apate wakili mwingine. Najua ada ni kubwa kwa mtu anayelipa kodi ya laki na nusu bila wateja. Lakini saivi mtu yoyote akiingia kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama anaandika jina lako anaona kama uko hai au la, hakuna tena kujificha nyuma ya stempu.

Nije kwa yule kaka wa steshenari. Sio kwamba kila mwenye mashine ya foto kopi ni mhalifu, kuchapa mtu alichoandika mwenyewe ni biashara halali. Ila Sheria ya Mawakili inamkataza asiye na sifa kuandaa kwa malipo nyaraka za mali na za mashauri, na inamtaka aliyeandaa aandike jina na anwani yake juu ya nyaraka. Ndo maana anakuhitaji wewe. Bila muhuri wako yeye ni mtu mwenye printa tu. Vishoka wanaishi kwa mihuri yetu sisi mawakili, na tukikutana kwenye semina tunawalalamikia vishoka, tunasahau kwamba kuna mwenzetu ndo kawapa mpini. Hilo linaniumiza sana, sikufichi.

Na mama. Wewe huwezi kumtetea, wewe ni shahidi kwenye jambo lake, usijitolee hata bure, huo ni mgongano wa maslahi wa wazi. Lakini unaweza kuhakikisha kupitia wakili wako kwamba anafika mahali sahihi haraka, maana huyo mtoto wa shemeji yake anaweza kuwa anatafuta mnunuzi sasa hivi. Kuna watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria mpaka kwenye kata, halmashauri itawaelekeza. Anahitaji cheti cha kifo kutoka RITA kama bado hana, na karatasi za hospitali zinazoonyesha mzee alikuwa wodini. Anahitaji mirathi ifunguliwe ili awepo msimamizi mwenye nguvu ya kudai mali ya marehemu. Kama kiwanja kina hati, zuio liwekwe kwa Msajili wa Hati mapema kabla hakijahamishwa jina, kama hakina hati basi barua ifike serikali ya mtaa na idara ya ardhi kwamba mauzo yanapingwa. Halafu kitu kimoja sikukiona kwenye barua yako, ridhaa ya mke iko wapi kwenye huo mkataba? Nyumba ya ndoa haiuzwi hivihivi bila mwenza kuridhia, Sheria ya Ndoa na Sheria ya Ardhi zote zinasema. Hata mzee angekuwa hai na amesaini kweli, hapo tu palitakiwa pakusimamishe.

Kubwa kuliko yote unaloweza kumpa yule mama ni maelezo yako ya kweli, kwamba sikumwona mume wako, muhuri ulikuwa kwa mtu mwingine. Hayo ndo yanayomrudishia nyumba, milioni moja na nusu ya mjomba hairudishi hata tofali moja.

Sasa kuhusu kula, maana usipokula utarudi palepale. Kama Mungu akijalia ukabaki kwenye kazi, au ukirudi baada ya kusimamishwa, anza upya kwa udogo. Waambie waandamizi hapo Morogoro uko tayari kuwashikia brifu, yaani kusimama mahakamani kwa niaba yao, wakiwa na mashauri mawili kwa siku moja, inalipa kidogo na inakufundisha kusimama mbele ya hakimu. Mirathi, usajili wa kampuni na majina ya biashara BRELA, katiba za vikundi vya akina mama, mikataba ya kodi za fremu, watu wanahitaji hivi vitu kila siku na hawajui kama wakili mdogo anaweza kuwafanyia kwa bei wanayoiweza. Na viapo pia unaweza kufanya, kazi ya viapo ni ya heshima, ila mtu apande ngazi, aje na kitambulisho cha NIDA, umsomee, umuulize, asaini kwenye rejista yako kabla hujatoa muhuri. Rejista ya kweli, yenye tarehe, saa, jina, namba ya kitambulisho na aina ya nyaraka. Na jioni badala ya kuhesabu elfu tatu tatu ingia TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria, ni bure kabisa, andika neno jurat usome hukumu tano tu, usome na za mawakili waliofikishwa kwenye kamati. Mi mambo mengi nimeyajua pale kuliko darasani. Semina za CLE za chama, yale mafunzo endelevu ya mawakili, nazo usiende kwa ajili ya cheti tu, kaa karibu na wazee wakati wa chai, maswali ya hivi ndo ya kuuliza pale, kabla ya kuachia stempu, sio baada.

Baba mwambie. Nenda Gairo mwenyewe, usimpigie simu, na usingoje asikie kwa mtu wa basi. Mwambie ulikosea nini kwa maneno mepesi na unafanya nini kurekebisha. Mzee aliyeuza ng'ombe watatu ana haki ya kusikia kutoka mdomoni kwako, na nadhani atakasirika na atanyamaza, halafu atakuuliza kama umekula.

Jumatatu ukitoka polisi niandikie, hata kama ni saa nane usiku.

Dada yako